Mpinzani si Adui: Juu ya Kufundisha Hadithi kwa Vijana Wetu



Kila mwaka, mtihani wa Serikali unapokaribia, sisi walimu wa Kingereza tunarudilia pamoja na wanafunzi wa miaka ya mwisho maneno yanayotumiwa kwa kuchambua hadithi. Tunaandika kwenye tablo: mahali na wakati, wahusika, mgogoro, kilele, mwisho, msimulizi, fundisho. Wanafunzi wanaandika katika kaye zao, wanashika kwa kichwa, na siku ya mtihani wanarudisha kile walichoshika. Wengi wanaona ni kazi ya pointi tu. Mtihani ukipita, maneno nayo yanapita.

Msomaji anaweza kuuliza: somo la Kingereza linaingia namna gani katika kitabu kinachohusu mila na desturi zetu? Linaingia. Kuchambua hadithi si jambo lililokuja na shule. Mbele ya shule kufika katika milima yetu, watoto walikaa karibu na moto, wakasikiliza, na hadithi ilipoisha wakaulizwa: nani alikosa? Nani alitumia akili? Wewe ungefanya nini? Mkubwa aliyesimulia alitaka kujua kama mtoto amesikia kwa masikio tu ao amesikia kwa moyo pia. Tofauti ni kwamba leo maswali yaleyale tunayauliza kwa majina ya kigeni, tena kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inatutia wasiwasi.

Swali tunalotaka kuliweka mbele yenu ni hili: je, maneno tunayotumia kwa kupanga hadithi yanaweza kumfundisha kijana kuhukumu watu vibaya? Jibu letu ni ndiyo, yanaweza, hasa katika inchi iliyoona vita kama hii yetu. Lakini tunaamini pia kwamba maneno hayohayo, yakifundishwa sawasawa, yanaweza kumsaidia kijana kuhukumu kwa haki. Tueleze polepole.

1. Maneno yenyewe na mahali yalipotoka

Maneno mengi ya uchambuzi yalitoka kwa Wagiriki wa kale. Katika michezo yao ya kuigiza, mchezaji wa kwanza aliitwa protagonisti. Neno hilo lilionyesha nafasi yake katika mchezo, halikusema kama yeye ni mtu mwema. Yule aliyeshindana naye aliitwa antagonisti, na neno hilo limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya shindano, kama vile watu wawili wanaoshindana katika mieleka. Wote wawili wanaingia uwanjani, wote wawili wanataka kushinda. Hakuna aliyesema kwamba mmoja ni malaika na mwingine ni shetani.

Baadaye sana, katika mwaka 1863, mwandishi Mjerumani Gustav Freytag alichora mchoro ambao walimu wengi duniani wanautumia hata leo. Ni kama mlima. Hadithi inaanza chini, matukio yanapanda, yanafika kilele, kisha yanatelemka mpaka mwisho. Kwetu sisi tunaoishi katika milima, mchoro huo unaeleweka upesi. Mtoto aliyepanda kutoka bonde la Ruzizi mpaka Lemera na mzigo kichwani anajua kupanda ni nini, na anajua pia kwamba ukifika juu ndipo unaona kule ulikotoka.

Lakini Freytag aliuchora mlima wake akiangalia michezo ya kuigiza ya Wagiriki na ya Shakespeare. Hakukaa karibu na moto wetu. Hadithi nyingi za wazee wetu hazipandi mlima mmoja. Zinatembea kama njia ya kijiji: zinafika kwenye mto, wimbo unaimbwa, zinafika kwenye mti, wimbo uleule unarudi, zinafika kwa mwenye nyumba, wimbo tena. Kwa hiyo, mwanafunzi akituambia, «Mwalimu, hadithi ya nyanya haina kilele», asichekwe. Pengine anaona vizuri kuliko kitabu.

2. Namna «mpinzani» anavyogeuka kuwa «adui»

Shida inaanza wakati wa kutafsiri. Mwanafunzi wa kwetu anasikia neno la Kingereza, analipitisha katika Kifaransa, kisha anataka kulishika kwa Kiswahili ao kwa Kifuliiru. Protagonisti anakuwa «mutu muzuri». Antagonisti anakuwa «adui» ao «mutu mubaya». Muulize: «Antagonisti katika hadithi hii ni nani?» Atajibu bila kufikiri: «Njo huyu mubaya.» Tena atapata pointi, kwa sababu mara nyingi jibu linaangukia mtu yuleyule aliye katika jibu la mtihani.

Basi tuchukue hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia, na ambayo inasimuliwa kwa namna mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika. Wakati wa njaa kubwa, Sungura na Chui wanapatana kuua mama zao. Chui, ambaye ni mjinga lakini anashika neno lake, anamuua mama yake kweli. Sungura anamficha wake, na kila siku anakwenda kwa siri kula chakula cha mama. Watoto wanacheka sana. Sungura ana akili!

Mhusika mkuu ni nani? Ni Sungura, sisi tunatembea pamoja naye toka mwanzo. Mpinzani ni nani? Ni Chui. Sasa tuulize vile wazee wanaulizaka: nani alidanganya? Ni Sungura. Nani alivunja mapatano? Ni Sungura. Nani amebaki bila mama? Ni Chui. Kama hadithi hii ingesimuliwa nyumbani kwa Chui, pale kwenye matanga, Sungura angekuwa nani?

Hatusemi kwamba Chui hana kosa. Kumuua mzazi ni kosa lisilo na jina, hata kama njaa inauma namna gani, na Sungura alifanya vizuri kumhurumia mama yake. Tunachosema ni kwamba «mhusika mkuu» na «mtu mwema» ni vitu viwili. Mhusika mkuu ni yule ambaye macho yetu yanamfuata. Wema wake unapaswa kupimwa kwa matendo, kama wa mtu mwingine yeyote. Na mpinzani ni yule aliyesimama kwenye njia ya mhusika mkuu. Anaweza kuwa mwovu. Anaweza kuwa baba mwenye haki anayemkatalia mtoto jambo la hatari. Anaweza hata asiwe mtu: mto uliofurika, ukame, ugonjwa wa mihogo.

Mgogoro mwingine uko ndani ya moyo wa mtu mwenyewe. Katika riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyotoka mwaka 1958 na ambayo kwa Kiswahili inajulikana kwa jina la Shujaa Okonkwo, wanafunzi wengi wanasema upesi kwamba mpinzani ni Wazungu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mbele Wazungu hawajafika katika kijiji chake, Okonkwo alikuwa amekwisha kushiriki katika kumuua Ikemefuna, kijana aliyekaa nyumbani mwake na kumwita baba. Alifanya hivyo kwa woga wa kuonekana zaifu kama baba yake mwenyewe, Unoka. Mpinzani wa kwanza wa Okonkwo ni woga wake. Kijana asiyejua kumtafuta mpinzani ndani ya moyo atamtafuta siku zote nje, kwa jirani.

3. Mwindo na baba yake

Kuna watakaosema: haya ni mawazo ya vitabu, mila yetu inajua adui na inajua shujaa, basi. Tunaomba waangalie tendi kubwa moja ya Kivu yetu hii.

Katika mwaka 1956, huko kwa Banyanga, upande wa Walikale, msimulizi anayeitwa Candi Rureke aliimba na kusimulia habari za Mwindo kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliziandika, na kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, maneno ya Kinyanga yakiwa pamoja na tafsiri ya Kingereza. Leo wanafunzi wa inchi za mbali wanasoma habari za Mwindo katika masomo ya fasihi ya dunia, huku vijana wengi wa kwetu hawajasikia hata jina lake.

Habari yenyewe, kwa kifupi, ni hii. Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, anawaambia bibi zake saba kwamba anataka watoto wasichana tu. Mwana mume akizaliwa, atauawa. Mwindo anazaliwa. Baba anajaribu kumuua kwa mkuki, anashindwa. Anaamuru azikwe, mtoto anatoka. Mwishowe wanamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anasafiri kwa maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kupigana na baba. Baba anakimbilia katika inchi ya chini ya ardhi, kwa Muisa, na Mwindo anamfuata hukohuko.

Mpaka hapo, mwanafunzi yeyote angeweza kujaza jedwali: mhusika mkuu ni Mwindo, mpinzani ni Shemwindo, mgogoro ni baba na mwana. Na kwa kufuata sinema nyingi ambazo vijana wanaziona siku hizi, mwisho ungekuwa kifo cha baba. Lakini haiwi hivyo. Mwindo anamshika baba yake na kumrudisha Tubondo akiwa hai. Mkutano unaitishwa. Baba anaungama mbele ya watu wote yale aliyotenda. Iyangura, ambaye ni dada ya Shemwindo, anamkaripia waziwazi. Mwindo anasema kwamba hashikilii kisasi. Inchi inagawanywa, baba sehemu yake, mwana sehemu yake.

Tena habari haiishii hapo. Baadaye Mwindo mwenyewe, yule shujaa, anakosa. Anamuua joka ambalo lilikuwa rafiki ya Nkuba, mwenye radi, na Nkuba aliyekuwa msaidizi wake anamchukua mpaka mbinguni. Huko Mwindo anateseka, anaonywa, na anarudishwa akiwa mtu mwenye kiasi, anayewapa watu wake maagizo ya kuishi kwa mapatano.

Tuone basi. Yule aliyekuwa mpinzani amekuwa baba tena. Yule aliyekuwa shujaa amekuwa mkosaji, kisha mwanafunzi. Banyanga hawakuficha uovu wa Shemwindo, waliueleza wote, mkuki, kaburi na ngoma. Lakini hawakumfunga ndani ya uovu huo milele. Walimpa mahali pa kusema na mahali pa kukaa. Hiyo ni mila yetu ya Kivu, hatukuiazima Ugiriki.

4. Nani anasimulia?

Kuna neno lingine katika masomo yetu ambalo wanafunzi wanaliruka kwa sababu linaonekana gumu: msimulizi, na upande anaotazamia mambo. Kwa maoni yetu, hilo ndilo neno lenye faida kubwa kuliko yote kwa vijana wa hapa.

Turudi kidogo kwa Achebe. Tumefuata maisha ya Okonkwo kitabu kizima, bibi zake, mashamba yake ya viazi vikuu, hasira yake, kilio chake. Kwenye ukurasa wa mwisho, mkubwa wa wilaya Mwingereza anawaza kitabu anachotaka kuandika, na anajiambia kwamba habari ya mtu huyu inaweza kujaza aya moja. Mtu mzima, aya moja! Wakati kalamu inapohamia mkono mwingine, maisha ya mtu yanapungua.

Sasa tushuke mpaka kwetu. Mahali na wakati: Lemera, Oktoba 1996. Usiku wa tarehe 6, watu wenye silaha walishambulia hospitali ya Lemera. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao na wafanyakazi waliuawa pia. Watu zaidi ya 30 walikufa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo, aliisimulia habari ya usiku ule mbele ya dunia yote huko Oslo, tarehe 10 Desemba 2018, alipopokea Tuzo la Amani la Nobel.

Katika mwezi uleule wa Oktoba 1996, jina la Lemera liliwekwa juu ya mapatano mengine: yale ya vyama vinne vilivyoungana na kuunda AFDL. Jeshi lao liliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, na Laurent-Désiré Kabila akawa Rais. Katika vitabu vya siasa, «Mapatano ya Lemera» ni mwanzo wa safari ya kumuondoa Mobutu.

Mahali ni pamoja, mwezi ni mmoja, hadithi ni mbili. Katika moja, Lemera ni pahali pa kilio. Katika nyingine, Lemera ni mwanzo wa ukombozi. Mwanafunzi anayeandika «mahali: Lemera, wakati: Oktoba 1996» hajasema bado jambo lolote. Inafaa aulize: nani anasimulia? Anaanzia wapi? Anaishia wapi? Na zaidi ya yote: nani hayumo? Katika hadithi ya pili, wagonjwa wa hospitali hawamo. Hawakuingia hata katika aya moja.

Tungeweza kutaja majina mengine ya eneo hili na ya jirani: Makobola mwishoni mwa 1998, Gatumba katika Agosti 2004, Mutarule katika Juni 2014. Kila jina hapo lina makaburi yake na wasimulizi wake. Na sote tunajua vile inakuwaka: kila jamaa inashika kwa kichwa yale yaliyoipata, saa, siku, majina ya waliokufa. Yale yaliyowapata majirani inayajua kwa nusu, ao haitaki kuyajua. Wahenga walisema, mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kila kundi linasimulia kama mtendewa. Mtoto anayelelewa na hadithi ya upande mmoja anakua akiamini kwamba watu wake ni wahusika wakuu wa dunia, na wale wa ng'ambo ya mto walizaliwa wakiwa antagonisti. Kumbe hata kule ng'ambo kuna mtoto wa umri wake aliyefundishwa vilevile. Siku wanapokutana sokoni ao njiani, kila mmoja anamtazama mwenzake na kumwona mtu mbaya wa hadithi.

Hapo ndipo tunasema kwamba neno moja lililotafsiriwa vibaya kwenye tablo linaweza kuwa kuni katika moto mkubwa. Hatusemi kwamba somo la Kingereza ndilo lililoleta vita, hapana. Lakini shule ambayo haimfundishi kijana kupima hadithi inamwacha mikononi mwa msimulizi yeyote mwenye sauti kubwa.

5. Je, hatuwezi kufikia kuwaachilia wauaji?

Hapa wasomaji wengi watatusimamisha, na wana haki. Watasema: nyinyi walimu, mkianza kusema kila mtu ana upande wake, si mtafika kusema hata muuaji ana upande wake? Mjane wa Oktoba 1996 atawasikiliza namna gani?

Swali hili ni zito, na hatutaki kulikimbia. Jibu letu ni kwamba inafaa kutenganisha maneno matatu ambayo watu wanayachanganya: mpinzani, mkosaji na adui.

Mpinzani ni nafasi katika hadithi. Ni yule anayezuia kile ambacho mwingine anatafuta. Nafasi hiyo inaweza kubadilika, kama tulivyoona kwa Shemwindo na Mwindo.

Mkosaji ni mtu aliyetenda tendo. Hapo hakuna habari ya upande wa kutazamia. Aliyemuua mgonjwa kitandani alimuua, hata hadithi isimuliwe na nani. Tendo lake lina siku, lina mahali, lina mikono iliyolitenda na midomo iliyoliamuru. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010, juu ya maovu yaliyotendeka Kongo toka 1993 mpaka 2003, ilihesabu matukio 617 na kuyapanga kwa tarehe na mahali. Kazi kama hiyo ndiyo inafungua njia ya haki, kwa sababu inatafuta nani alitenda nini, na haiishii kwenye kuuliza nani ni wa kabila gani.

Adui ni jina linalotoka moyoni mwa yule anayelitamka. Linaweza kumfuata mtu ambaye hakutenda lolote, hata mtoto aliyezaliwa nyuma ya vita. Na ubaya wake ni huu: likishabandikwa juu ya kabila zima, mkosaji wa kweli anajificha nyuma yake. Atasema, «Mnanishitaki kwa sababu ya kabila langu», na watu wake watamlinda. Kwa hiyo, anayechanganya adui na mkosaji anamkosea mtu asiye na kosa, na papo hapo anamsaidia mwenye kosa kukimbia. Mjane naye hapati haki yake kwa njia hiyo.

Mila yetu ilijua tofauti hii. Tuangalie baraza ya wazee. Watu wawili wakigombana juu ya mupaka wa shamba ao juu ya ng'ombe aliyeingia katika mihogo, mzee hakuanza kwa kuuliza, «Nani mbaya?» Alimwambia wa kwanza: eleza toka mwanzo. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia wa pili: na wewe eleza toka mwanzo. Nyuma ya hapo wakasikilizwa walioona. Ukitazama vizuri, mzee alikuwa anatafuta yaleyale tunayoandika kwenye tablo: mahali na wakati, wahusika, mgogoro, mfululizo wa matukio, na wasimulizi wawili badala ya mmoja. Kisha ndipo ilikatwa hukumu. Mwenye kosa alilipa, na mara nyingi wote wawili walikunywa pamoja mbele ya kuachana, kwa sababu kesho yake wangeonana tena kwenye chemchemi ileile.

Kulipa kulikuwa lazima, na kunywa pamoja kulikuwa lazima pia. Anayetaka kunywa bila kulipa anadharau aliyeumizwa. Anayetaka malipo lakini anakataa milele kunywa, huyo anaweka kisasi kwa watoto wake.

6. Tufanye nini?

Tunatoa mashauri machache, kila mtu ayapime.

Kwa wenzetu walimu: tusiandike tena kwenye tablo kwamba antagonisti maana yake ni adui. Tuandike mpinzani, na tutoe mifano mitatu: mpinzani mwovu, mpinzani mwenye haki, na mpinzani asiye mtu. Kisha, kwa kila hadithi tunayosoma, tuongeze maswali matatu. La kwanza: huyu mpinzani alitaka nini, na kwa nini? La pili: hadithi hii ingekuwa namna gani kama angeisimulia yeye? La tatu: ni tendo gani baya lililotendeka, na nani hasa alilitenda? Swali la pili linafundisha kusikiliza. La tatu linazuia kusikiliza kusigeuke kuwa udhuru. Yote matatu yanaweza kuulizwa kwa Kingereza chepesi, na mwanafunzi akiyajibu kwa Kingereza atapata faida ya lugha pia, kwa sababu atakuwa anasema jambo analolifikiri, si jambo aliloshika kwa kichwa.

Tusiogope kuleta hadithi za kwetu katika somo la Kingereza. Mwanafunzi akienda kwa nyanya yake, akaandika hadithi kama alivyoisikia, kisha akaichambua kwa maneno ya darasani, amefanya kazi mbili: ameshika lugha ya mbali na ameokoa mali ya nyumbani. Wazee wanaondoka, na wanaondoka na hadithi zao.

Kwa wazazi: mtoto anasikia yote tunayosema kwenye meza ya bugali. Tukisimulia yale yaliyotupata, na ni haki yetu kusimulia, kwa sababu wafu wetu hawapaswi kusahauliwa, tutaje watu waliotenda kwa matendo yao. Tusiseme «wale» tukimaanisha kabila zima. Na kama tunajua jirani wa kabila lingine aliyemficha mtu wetu nyumbani mwake siku ile mbaya, tumwingize katika hadithi. Watu kama hao wako katika vijiji vingi, lakini katika hadithi zetu mara nyingi hawamo, kwa sababu wanaharibu jedwali letu la wazuri na wabaya. Kwa kweli, hao ndio mtoto anahitaji kuwasikia zaidi.

Kwa vijana wenyewe: mtu akija kuwasimulia hadithi ambayo ndani yake ninyi mnatajwa kuwa mashujaa na wengine kuwa nyoka, kabla hamjachukua kitu mkononi, mfanye uchambuzi kama wa darasani. Nani anasimulia? Anaanzia wapi? Nani hayumo? Anataka nimalizie yeye mwisho wa hadithi hii kwa nini? Maswali hayo ni machache, hayagharimu pesa, na yanaweza kuokoa uhai.

Tunamalizia. Mtihani utaendelea kuuliza mahali, wakati, mhusika mkuu na mpinzani, na wanafunzi wetu wajibu vizuri, wapate pointi zao. Lakini jioni, wakati moto umewashwa na mtoto anauliza, «Papa, mubaya wa hadithi hii ni nani?», tusiharakishe kumpa jina. Tumwambie: «Kwanza nieleze, kila mmoja alitenda nini.»